Kabla ya bisibisi, uliza!

Nilikuwa kimya kidogo kwa sababu nilikwenda likizo nyumbani Kate, kule Wilaya ya Nkasi, Rukwa. Nimerudi na hasira, na hasira yenyewe inahusu kahawa. Msicheke.

Baba yangu mdogo ana mashine ya espreso. Ndiyo, Kate hiyo hiyo. Aliachiwa na mgeni mmoja ambaye yeye alikuwa dereva wake kwa miaka kadhaa. Mgeni akarudi kwao, mashine ikabaki sebuleni, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama zilivyofunikwa redio za zamani. Kila Jumapili baada ya misa wazee wanne watano hupita kunywa kikombe. Kwa baba mdogo ile si mashine tu, ndiyo baraza lake.

Siku moja ikagoma. Ukiiwasha inanguruma, maji hayatoki. Akanipigia simu Dar es Salaam. Na mimi, msomi wa chuo kikuu, mwandishi wa habari ninayelipwa kwa kuuliza maswali, sikuuliza hata moja. Nikamwambia, "Baba mdogo, ipeleke mjini kwa fundi."

Fundi wa mjini akaifungua, akatangaza kwamba pampu imekufa. Ikaagizwa mpya. Baba mdogo akauza magunia mawili ya maharage kulipia pampu, usafirishaji na ufundi. Mashine ikarudi Kate, ikawashwa, ikanguruma. Maji hayakutoka! Kumbe fundi aliijaribu kwa sikio tu: inanguruma, basi imepona. Jamani, si ilikuwa inanguruma hata kabla hajaigusa?

Nilipowasimulia wenzangu kazini waliangua kicheko. "Sumbawanga hiyo, imelogwa!" Mnajua utani huu, sisi watu wa Rukwa tumeuzoea. Lakini hebu tuulizane: kuna tofauti gani kati ya "imelogwa" na "pampu imekufa", kama wote wawili hawana ushahidi? Mmoja anaitwa mshirikina, mwingine anaitwa fundi na analipwa kwa maharage.

Nilipofika nyumbani ndipo nikauliza lile swali ambalo ningeuliza kwenye ajali yoyote ya barabarani: kabla ya hapo nini kilitokea?

"Wazee walikuwa wengi siku ile, mwanangu. Maji yakaisha kwenye tangi katikati ya kazi. Nikajaza mengine, basi, ikakataa."

Hapo tu. Tangi likikauka pampu hunyonya hewa, na hizi pampu ndogo za nyumbani hazina uwezo wa kuisukuma hewa hiyo itoke kama njia imefungwa. Tulijaza tangi, tukalikandamiza likae sawasawa juu ya valvu yake, tukafungua koki ya mvuke, tukawasha pampu kwa sekunde chache chache. Ikakohoa, ikatema hewa, maji yakaja. Dakika tatu! Baadaye tulichomoa plagi, tukairudisha pampu ya zamani ili tuijaribu. Inafanya kazi mpaka leo. Ile mpya iko kabatini, magunia mawili ya maharage ndani ya mfuko wa nailoni.

Sasa hoja yangu. Mashine hii si muujiza. Angelo Moriondo alipata hataza ya mashine yake ya kahawa mjini Turin, Italia, mwaka 1884. Baada yake Achille Gaggia, kwa hataza aliyoiomba mwaka 1938 na mashine za wenzo alizozitoa baada ya Vita vya Pili vya Dunia, alitufikisha kwenye kikombe chenye povu la hudhurungi tunachokijua. Kanuni ni moja: maji ya nyuzi 90 na ushei, yasukumwe kwa nguvu ya kama mara 9 ya mgandamizo wa hewa, yapite kwenye kahawa laini kwa sekunde 25 hadi 30. Kwa hiyo mambo ya kuuliza ni manne, na mashine ndiyo ya mwisho.

Kwanza maji. Yapo kwenye tangi? Tangi limekaa? Na kama birika lako la umeme lina ukoko mweupe ndani, jua kwamba mashine nayo inao, kwenye vijitundu usivyoviona. Ndiyo maana maji hutoka kwa kudondoka. Changanya kijiko kikubwa kimoja au viwili vya asidi ya sitriki kwenye lita moja ya maji, pitisha nusu, zima, subiri dakika 20, malizia iliyobaki, kisha suuza kwa matangi mawili ya maji safi.

Pili kahawa. Kikombe kikitoka haraka, chepesi na kichachu, kahawa ni ya chenga kubwa mno au ni kidogo. Kikidondoka tone tone na kuwa kichungu, ni laini mno au umeishindilia kupita kiasi. Sisi tunaotwanga kwenye kinu tunapata yote mawili kwa pamoja: vumbi linaziba, chenga zinapitisha. Chekecha, kisha zitwange tena zile chenga. Povu lisipotokea kabisa, usitafute fundi, kahawa yako imezeeka. Mbozi hapo Songwe wanalima arabika nzuri, nunua buni ukaange mwenyewe kidogo kidogo.

Tatu umeme. Kwa miaka mingi Sumbawanga ilitegemea umeme wa kununuliwa Zambia, na hadithi za umeme mdogo tunazijua wote. Mashine ya volti 230 ikipewa volti 180, hita yake inatoa kama asilimia 61 tu ya nguvu yake. Haijafa, imechelewa kupata moto. Subiri! Na wewe uliyeko Marekani unayetaka kumtumia mama zawadi, soma kibao cha nyuma: ikiandikwa volti 120, ukiichomeka kwenye ukuta wa Tanzania bila transfoma umeiua siku ya kwanza.

Nne, ndipo mashine yenyewe. Maji yanavuja pembeni ya ule mkono unaobeba kahawa? Futa ukingo wake, chenga moja inatosha kuvujisha. Bado? Mpira umekauka, badilisha mpira, si mashine. Mvuke hautoki? Maziwa yameganda kwenye tundu. Ikiwa imepoa, zibua kwa pini, na kuanzia leo toa mvuke kidogo na ufute bomba kila umalizapo. Wala usifungue mkono huo wakati mashine bado inasukuma, itakuunguza.

Ukishayamaliza hayo yote na bado imegoma, hapo nenda kwa fundi, na mwambie umeshaangalia nini.

Najua mtasema ninawaonea mafundi, nao wana watoto wa kulisha. Kweli, na hapa ndipo nataka tujiseme wenyewe. Fundi akikwambia, "Mzee, haina ubovu, iliingia hewa tu," utamlipa shilingi ngapi? Utamwambia, "Kwani umefanya nini?" na utaondoka ukishukuru kwa mdomo. Lakini akikuonyesha kipuri cha zamani mkononi, chenye grisi, unatoa noti bila kuuliza. Sisi ndio tunaomlazimisha awe fundi maiko. Hatulipii akili yake, tunalipia kipuri, basi naye lazima atafute kipuri cha kubadilisha. Usanii huu tumeulea wenyewe.

Kuna wengine watasema espreso Kate ni anasa. Sawa, lakini magunia mawili ya maharage si anasa. Leo ni mashine ya kahawa, kesho ni mashine ya kusaga au pampu ya kisima, na neno litakuwa lile lile: imekufa, leteni hela.

Na wale wanaosema Wafipa na mitambo wapi na wapi, wakasome historia. Wazee wetu kwenye uwanda huu walijenga malungu, matanuri ya udongo marefu kuliko mtu, wakayeyusha chuma kwa hewa iliyoingia yenyewe chini bila mivukuto. Huwezi kuendesha tanuri la namna hiyo bila kujua kuuliza: udongo wa chuma ni upi, mkaa ni upi, hewa inapita wapi? Hawakuwa na kipuri cha kuagiza Dar. Walikuwa na maswali.

Mimi pesa za maharage nimeanza kumrudishia baba mdogo, kidogo kidogo, maana kosa la kwanza lilikuwa langu. Yeye hakunilaumu. Jumapili iliyofuata wazee walipokuja aliwapangia vikombe, akatazama tangi, akaongeza maji kabla hajawasha.

Naomba kuwasilisha.