Kile kiduara ndani ya benzini si pambo

Mwaka jana nikiwa kwenye mazoezi ya kufundisha, kipindi cha kwanza baada ya mapumziko, Kidato cha Tano, nilichora pembesita ubaoni, nikaweka kiduara katikati, nikawaambia wanafunzi waandike: benzini. Binti mmoja wa benchi la nyuma akanyoosha mkono. "Madam, hicho kiduara ni kitu gani?" Nikamjibu, "Ni alama tu. Wewe kichore hivyohivyo, usipoteze maksi." Darasa likacheka, akakaa. Hakuuliza swali lingine mpaka naondoka pale.

Jibu langu lilikuwa la uongo, na ninaamini wenzangu wengi tunaosoma ualimu wa kemia hapa chuoni tungejibu vilevile. Si kwa ubaya. Ndivyo tulivyojibiwa na sisi.

Jikumbushe tulivyolishwa somo hili. Kwanza tuliambiwa neno aromatiki linatokana na harufu, maana misombo mingi ya zamani ya aina hii ilikuwa inanukia. Sawa, ila harufu haikuelezi chochote. Halafu ikaja kanuni ya Hückel ya 1931, 4n+2, ambayo kwenye desa imewekewa boksi na nyota mbili. Tukaipigia msuli. Muhula mwingine, kwenye somo lingine kabisa, tukapewa jedwali la NMR: haidrojeni za aromatiki zinatokea kati ya 7 na 8. Tukameza na hilo. Hakuna aliyetuambia kwamba duara, kanuni na jedwali ni habari moja.

Mimi nimekuja kuielewa habari hiyo kupitia molekuli kubwa ambayo haimo kwenye desa lolote nililowahi kuazima. Inaitwa 18-anuleni. Ni pete ya kaboni 18, kila kaboni ina haidrojeni yake moja. Franz Sondheimer na wenzake waliitengeneza katika Taasisi ya Weizmann, Israeli, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikapimwa kwenye mashine ya NMR. Pete hii ni pana kiasi kwamba haidrojeni 12 zimetazama nje na 6 zimetazama ndani, kwenye uwazi wa katikati. Benzini haina nafasi hiyo, haidrojeni zake zote sita ziko nje.

Kwa asiyesoma kemia: NMR ni sumaku kubwa. Kiini cha kila haidrojeni nacho ni kisumaku kidogo, na mashine inasikiliza kila kimoja kinapata uga wa sumaku kiasi gani pale kilipo. Namba ikiwa juu, haidrojeni inapata uga mwingi zaidi. Ikiwa chini, kuna kitu kinaikinga. Sifuri ni alama ya makubaliano tu, kama usawa wa bahari, na haidrojeni nyingi za kwenye kaboni ziko juu yake.

Sasa shika jedwali lako la 7 hadi 8 halafu tazama matokeo. Molekuli ikipozwa hadi nyuzi 60 chini ya sifuri, haidrojeni za nje zinatokea karibu na 9.3. Za ndani zinatokea karibu na −3. Chini ya usawa wa bahari, yaani! Haidrojeni zote ni za molekuli moja, zote zimeshikwa na kaboni za aina ileile, lakini zimetengana kwa zaidi ya vipimo 12. Aliyekariri jedwali atasema mashine ni mbovu.

Mashine ni nzima. Kinachotokea ni kwamba elektroni za pai hazikai kaboni kwa kaboni, zimeenea pete nzima. Ukiiweka pete kwenye uga wa sumaku, elektroni hizo zinazunguka kama mkondo wa umeme kwenye koili. Mkondo huo unazaa uga wake mdogo, ambao ndani ya pete unaupinga uga wa mashine na nje ya pete unauongeza. Kwa hiyo wa ndani wanakingwa, wa nje wanaongezewa. Linus Pauling alikuwa ameshatumia wazo la mkondo huu mwaka 1936 kueleza usumaku wa benzini. Pete kubwa ikatupa kitu ambacho benzini haikuweza kutupa, yaani mashahidi waliosimama ndani ya duara lenyewe.

Hata joto lina lake la kusema. Ukiipasha molekuli hiyo hadi nyuzi 120, pete inajigeuzageuza haraka, wa ndani wanatoka na wa nje wanaingia, na mashine inaona namba moja tu, karibu 5.4, katikati ya zile mbili.

Na Hückel je? Hapa ndipo nilipoweka kalamu chini. Chukua dada yake, 16-anuleni, ambayo ina elektroni 16 za pai na haifuati 4n+2. Ipoze vizuri, pima. Haidrojeni za nje ziko karibu na 5.4, za ndani zimepanda hadi karibu 10.4. Kila kitu kimegeuka kichwa chini, kwa sababu mkondo unazunguka kinyume. Kisha iongezee elektroni mbili tu, zifike 18, na zile za ndani zinaporomoka hadi kama −8. Ile kanuni ya kwenye boksi, tuliyoiona kama namba ya kuwakomoa watu kwenye mtihani, ndiyo inayoamua mkondo uelekee wapi.

Wenzangu wananiuliza, kwani hii itatoka kwenye mtihani? Haitatoka. Lakini tusijifanye ni mambo ya maabara za mbali tu. Pofirini ni pete kubwa ya aina hii, na ndugu zake wamo kwenye damu yako na kwenye majani ya mchicha. Pofirini isiyo na madini katikati ina haidrojeni mbili kwenye uwazi wake, juu ya naitrojeni, na zote zinatokea chini ya sifuri kwa sababu ileile. Na kazi haijaisha. Mwaka 2017 kundi la Harry Anderson pale Oxford liliunganisha pofirini sita kuwa gurudumu moja, wakaondoa elektroni kwa hesabu, wakapima haidrojeni zilizokaa ndani ya gurudumu. Zikibaki elektroni 80, mkondo unaenda kinyume. Zikibaki 78, unaenda kama wa benzini. Mwaka 2020 walifika kwenye pete ya elektroni 162. Kanuni ya 1931 bado inatii.

Ninachokilalamikia hasa ni ratiba yetu. Asubuhi tunasoma kemia, mchana tunasoma mbinu za kufundishia, na hivyo viwili havisalimiani. Kwenye mbinu tunafundishwa kuandaa azimio la somo lenye safu zilizonyooka, na mkaguzi akija anakagua safu. Kwenye kemia hakuna anayetuuliza: hili utamweleza vipi mtoto wa Kidato cha Tano ambaye shule yake haijawahi kuona NMR, na haitaiona? Ningependa kila mada ngumu iishie na swali hilo, hata kwa dakika kumi, mbele ya mhadhiri wa kemia na si wa mbinu peke yake.

Maana inawezekana. Fundi wa viyoyozi mtaani kwetu alinipa kipande cha bomba la shaba, urefu wa mkono. Nikachomoa sumaku mbili kwenye hedifoni mbovu, nikazigandisha pamoja. Kijiwe ukikidondosha ndani ya bomba kinapita puu! Sumaku inashuka polepole, utadhani inahesabu ngazi, wakati shaba haivutwi na sumaku hata kidogo. Ni mkondo unaozaliwa kwenye shaba unaoipinga. Tofauti ipo na lazima isemwe: kwenye shaba mkondo unakufa sumaku ikisimama, kwenye molekuli unaendelea maadamu uga upo. Lakini mtoto akishaona sumaku inasita hewani, kiduara nitakieleza kwa sentensi tatu.

Mazoezi yajayo nimeomba kurudi shule ileile. Yule binti atakuwa Kidato cha Sita. Bomba limo kwenye begi.