Kapu la Nyumbani na Kipimo cha Bei

Katika nyumba nyingi za kambini, siku ya mshahara ni siku ya furaha na pia ya ugomvi. Askari humkabidhi mkewe fedha zile zile za mwaka jana, naye mke huonyesha kapu lisilojaa. Mume amesikia redioni kwamba bei zimepanda kwa asilimia chache tu. Mke anajua kwamba unga wa posho umepanda mno. Kila mmoja humdhania mwenziwe ubadhirifu, kumbe wote wawili wasema kweli.

Hesabu inayotangazwa redioni huitwa fahirisi ya bei za mlaji. Nchini Uganda hutayarishwa kila mwezi na Ofisi ya Takwimu. Wakusanyaji wa bei hupita madukani na masokoni katika miji kama Kampala, Jinja, Mbarara, Gulu na Arua, wakiandika bei za vitu vile vile: unga, maharagwe, sabuni, mkaa, nauli, kodi ya nyumba na vinginevyo. Vitu hivyo kwa pamoja huitwa kapu. Gharama ya kapu katika mwaka wa msingi huhesabiwa kuwa 100. Ikiwa mwaka jana fahirisi ilikuwa 120 na sasa ni 126, mfumuko wa bei ni asilimia 5, kwa kuwa 6 ni sehemu moja ya ishirini ya 120.

Walakini vitu vyote havina uzito sawa. Uzito wa kila kitu hutokana na fedha ambazo watu, kwa wastani, hukitumia kukinunua. Chumvi ikipanda maradufu, nayo huchukua shilingi 1 tu katika kila 100 za matumizi, gharama ya kapu huongezeka kwa asilimia 1. Unga ukipanda kwa asilimia 20, nao huchukua shilingi 10 katika kila 100, huongeza asilimia 2. Lakini katika nyumba yenye watoto wengi, ambamo unga humeza shilingi 40 katika kila 100, unga peke yake huongeza asilimia 8. Fahirisi haikusema uongo. Ilieleza habari za nyumba ya wastani, wala si za nyumba hiyo.

Liko jambo la pili linalowapotosha wengi. Mwezi Oktoba 2011 mfumuko wa bei nchini Uganda ulifikia asilimia 30.5, yaani kapu lililogharimu shilingi 1,000 mwaka mmoja kabla lilihitaji shilingi 1,305. Mwisho wa mwaka 2012 kiwango hicho kilikuwa chini ya asilimia 6. Aliyengoja bei za zamani zirudi alingoja bure. Gari linalopunguza mwendo bado linakwenda mbele, halirudi nyuma.

Yafaa basi kila nyumba iwe na fahirisi yake. Mke na mume na wachague vitu kumi wanavyonunua daima, waandike katika daftari bei zake tarehe ile ile ya kila mwezi. Kiasi nacho kisibadilike, kilo kwa kilo, kwa maana muuzaji aweza kuiacha bei na kupunguza kipimo. Jumla ya mwezi huu igawanywe kwa jumla ya mwezi kama huu mwaka uliopita, kisha izidishwe kwa 100.

Jibu likiwa 108, na mshahara ni ule ule wa shilingi 500,000, basi fedha hizo sasa zinanunua kile ambacho mwaka jana kilinunuliwa kwa shilingi 463,000 hivi. Upungufu huo haukuibwa na mtu wala haukuchezewa jikoni. Ukijulikana mapema, ada ya shule huwekwa kando kabla ya matumizi mengine, na deni la dukani huepukwa. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.