Tusiwanyang'anye Watoto Sindano

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), aliyemjaalia mwanadamu akili ya kubuni na vidole vya kutenda.

Ndugu Waislamu, mkoani Singida mvua zikishakatika, na mtama na alizeti vikishavunwa, huja miezi mikavu ambayo kazi za shamba hupungua. Huo ndio wakati mzuri wa sindano na uzi. Baada ya swala ya Alasiri, mwanga ungali mzuri, mama huketi mkekani na kitambaa cha meza au foronya mapajani, akachora ua kwa penseli na kuanza kudarizi. Mtoto husogea, akatazama, kisha akasema: "Mama, na mimi nijaribu." Leo tunaizungumzia dakika hiyo, kwani jibu la mzazi lina uzito katika malezi.

Kudarizi si jambo geni kwetu. Misafara ya biashara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora katika karne ya 19 ilipita kusini mwa mkoa huu, katika nyika ya Mgunda Mkali. Uislamu pamoja na kanzu na kofia za pwani viliingia bara kwa njia hiyo. Kofia ya viua ya mkono hushonwa kwa subira kubwa: mapambo huchorwa kwenye kitambaa cheupe, vitobo vidogo hutobolewa, na kila kitobo huzungushiwa uzi. Kofia moja huchukua wiki kadhaa, na yenye kazi nyingi huchukua miezi. Siku hizi kofia za mashine zimejaa sokoni kwa bei nafuu, wala hatumlaumu anayezivaa. Ila mashine haikai mkekani na mtoto.

Wala sindano si ya wanawake peke yao. Bibi Aisha (r.a.) alipoulizwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akifanya nini nyumbani kwake, alieleza kuwa alikuwa akishona nguo zake na kutengeneza viatu vyake mwenyewe. Basi baba wa leo aone haya gani kuketi na mwanawe na kumwonyesha namna ya kutunga uzi?

Tatizo letu ni pupa. Mshono wa kwanza wa mtoto huwa wa kombo: mmoja mrefu, mwingine mfupi, na uzi umepiga fundo. Mzazi anayetaka kitambaa kipendeze mbele ya wageni husema: "Lete hapa, unaniharibia!" Mtoto huinuka kimya akaenda kwenye simu au televisheni. Miaka ikipita tunalalamika kuwa vijana hawapendi kazi za mikono. Je, ni nani aliyewafukuza mkekani?

Tuzingatie kisa cha Anas bin Malik (r.a.), aliyeanza kumtumikia Mtume (s.a.w.) akiwa mtoto. Alisimulia kuwa kwa miaka kumi hakuwahi kuambiwa hata "ah", wala kuulizwa kwa nini amefanya hili au ameacha lile. Ikiwa Mtume alimvumilia kijana kwa miaka kumi, sisi twashindwa kuvumilia ua moja?

Kwa hiyo tunawausia wazazi. Mpeni mtoto kipande chake mwenyewe na uzi wa rangi anayoipenda. Akikosea, mfundisheni kufumua kwa mkono wake, kwani kurekebisha kosa bila kukata tamaa ni elimu kubwa. Asipotaka kufumua, mwacheni. Wala msifumue kwa siri akiwa amelala, maana asubuhi ataona, na atajua kuwa kazi yake haikuthaminiwa. Kitambaa alichosaidia kikiuzwa, apewe fungu lake, ajifunze utamu wa chumo la halali. Na swala, masomo na michezo yake visiathiriwe.

Haraka haraka haina baraka. Mgeni akiliona ua la kombo juu ya meza yenu, msiligeuze upande wa chini. Mwambieni kwa fahari: "Hili ameshona mwanetu." Naye mtoto asikie.

Tunamuomba Allah atujaalie subira katika malezi na atubarikie watoto wetu. Amin.

Wabillahi Tawfiq.