Jiwe ndani ya figo, na njia ya Bukavu iliyokatika

Wandugu wachimbaji, na wamama munaotungojea nyumbani,

Hapa Salamabila kila mutu anajua kuumwa mugongo. Mutu anapanda toka shimoni, anashika kiuno, tunasema: ni kazi tu. Mwenzetu mumoja wa ekipe alisema vile miezi mingi. Alikunywa majani, alinunua vidonge sokoni, paka siku alipokojoa damu. Kumbe lilikuwa jiwe ndani ya figo.

Shimoni kuna joto. Jasho linatoka, maji ya kunywa ni kidogo, mukojo unakuwa muzito na chumvi yake inagandana. Jiwe dogo, chini ya milimita 5, mara mingi linatoka lenyewe mutu akikunywa maji ya kutosha. Jiwe kubwa linaziba njia ya mukojo, na figo inaweza kufa polepole bila kelele.

Zamani, kwa jiwe kubwa ao figo iliyokufa, muganga alipasua ubavu. Mwaka 1990, huko Marekani, muganga Ralph Clayman na ekipe yake walitoa figo kwa njia ingine: matundu madogo, kamera moja, vyuma virefu vyembamba, na gesi ya kuinua tumbo ili muganga aone vizuri kwenye televisheni. Njo laparoskopi, ao selioskopi kama minganga wetu wanavyosema. Tangu pale inatumika pia kwa njia ya mukojo iliyobanwa na kwa baazi ya mawe makubwa.

Kwetu faida si uzuri wa kovu. Mutu aliyepasuliwa ubavu anakaa wiki sita ao zaidi bila kubeba muzigo muzito. Aliyetobolewa matundu anarudia nguvu mapema zaidi, na damu inapotea kidogo. Kwa yule anayekula kwa kile alichochimba leo, zile wiki ni chakula na minerval ya watoto.

Musiseme ni mambo ya Wazungu. Karibu na sisi, ku hopitali ya Panzi, Bukavu, daktari Denis Mukwege, aliyepata Nobel mwaka 2018, alifanya kazi pamoja na Guy-Bernard Cadière, mupasuaji wa Bruxelles. Laparoskopi iliingia pale kusaidia wamama wenye fistula, wale mukojo unawavuja bila kukoma, kwa sababu ya uzazi uliokawia ao ya kubakwa. Fistula nayo ni tundu kwenye njia ya mukojo. Kama iliwezekana Bukavu, basi Wakongomani wanaweza kuijua hii kazi.

Lakini tuangalie ramani. Toka hapa paka Bukavu ni zaidi ya kilomita 200, hata ukipima kama ndege anavyoruka. Mwezi wa pili 2025, AFC/M23 waliingia Bukavu, na uwanja wa ndege wa Kavumu ulianguka siku zilezile. Njia ya mugonjwa wetu ikakutana na njia ya vita. Mwenye jiwe hana chama, lakini yeye njo anayelipa.

Wanasiasa watakuja kutuahidi mashine. Tusipige makofi haraka. Ile mashine inataka umeme usiokatika, gesi, muganga aliyejifunza, na mutu wa kulaza mugonjwa usingizi na kumwamsha. Bila hivyo itakuwa kabati ya vumbi. Sisi tuombe mambo kwa mustari wake.

Kwanza, ekografi na mutu anayejua kuitumia, ili jiwe lionekane mapema. Pili, kupimwa mukojo na dawa ya bilharzia, kwa sababu damu ndani ya mukojo inaweza kutoka huko pia. Tatu, vijana wetu wa uganga watumwe kujifunza upasuaji na kulaza wagonjwa. Ine, makubaliano na hopitali kubwa, pamoja na franga za safari, na njia ya wagonjwa iheshimiwe na pande zote za vita.

Franga zitatoka wapi? Code minier ya 2018 inataka kampuni inayochimba iweke angalau 0,3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji. Redevansi ya zahabu ni 3,5%, na 15% ya ile redevansi ni ya entité locale kwenye muchanga unatoka. Code du travail ya 2002 nayo inamulazimisha mwajiri kutunza mufanyakazi na familia yake, hata kwa upasuaji. Basi tuulize kwa barua, si kwa mawe: kiasi gani kiliingia, nani alisaini, na afya ilipata ngapi?

Kuna tatizo moja tusifiche. Muchimbaji wa mukono hana mwajiri. PDG wa shimo akigawa muchanga, hakuna fungu la ugonjwa. Hapo sheria haitatusaidia mbio. Inafaa tuanze mutuelle sisi wenyewe, shimo kwa shimo, na daftari wazi mbele ya wote.

Na kesho asubui, mbele ya kushuka, beba bido ya maji. Ukiona damu kwenye mukojo, usione haya, usingoje. Yule mwenzetu alingoja, na leo anaishi na figo moja.