Gari la mtoto halipandi kila ndege

Ukisimama siku hizi katika uwanja wa ndege wa Moi, Mombasa, siku mbili tatu kabla ya Idi, utaona vigari vya watoto vimepangana kama mikokoteni ya Marikiti. Mzazi kijana asiye na kigari hujiona kana kwamba amemtoa mwanawe nje bila nguo. Sina ugomvi na kigari chenyewe. Ugomvi wangu ni na imani iliyoingia vichwani mwetu kwamba bila ya chombo hicho mtoto hasafiri, na kwamba mama aliyefunga mbeleko ni mama aliyeshindwa.

Wala kigari cha kukunja si mgeni wa ndege. Aliyekibuni mwaka 1965 ni Mwingereza Owen Maclaren, mhandisi wa ndege aliyekuwa amefanya kazi kwenye magurudumu ya ndege ya kivita iitwayo Spitfire. Alimwonea huruma binti yake aliyesafiri na mtoto na gari zito la zamani, akatengeneza la mabomba ya alumini, lisilofika kilo tatu, linalokunjwa kama mwavuli. Mengi ya leo yana vikapu, paa na matairi manene, na uzito wake ni mara mbili au tatu ya lile la Maclaren.

Sasa mchukue msafiri wetu. Watu wa pwani wako Migori na Homa Bay kwa ualimu, uuguzi, benki na biashara. Wengine wameoa au kuolewa huko, na Kendu Bay ni mji wenye Waislamu na msikiti tangu enzi za mababu. Mama anatoka Kibokoni na mtoto wa miezi minane kumfuata mumewe. Njia ya kwanza ni kuruka hadi Kisumu, kisha kushika barabara ya Katito na Kendu Bay hadi Homa Bay. Katika ndege kubwa hana shida: atasukuma kigari chake hadi karibu na mlango, kitafungwa kikaratasi, kitatiwa tumboni mwa ndege. Shida itamngoja kwenye matatu, ambako makanga atakitazama kile kigari na kumwuliza kama atakilipia kiti.

Njia ya pili ni ya ndege ndogo za kutoka Wilson, Nairobi, ziendazo viwanja vya Kabunde kule Homa Bay na Lichota kule Migori, kwa ratiba zinazobadilika mara kwa mara. Hapa ndipo mambo yanapogeuka. Ndege nyingi za kutoka Mombasa hutua Jomo Kenyatta, si Wilson, basi kwanza kuna safari ya teksi ya kuukata mji na foleni zake. (Uwanja huo, kwa wasiojua, una jina la mwanamke, Florence Kerr Wilson, aliyeanzisha kampuni ya ndege Nairobi mwaka 1929.) Ukifika, utakuta kampuni nyingi za ndege ndogo zinamruhusu abiria kilo 15 tu, tena katika begi laini linaloweza kubonyezwa likaingia pahala pembamba. Mtoto wa chini ya miaka miwili hupakatwa, hana kiti chake, na mara nyingi hana haki ya mzigo. Toa kilo nane za kigari katika zile 15, uone zimebaki ngapi za nepi, nguo na ile halua ya mawifi.

Kanuni hizi zina sababu yake, kwani ndege ndogo ni kama mizani, kila kilo ina hesabu. Lakini zilitungwa zaidi kwa ajili ya mtalii. Wapo watalii wanaotoka Masai Mara wakashukia Migori, wakavuka mpaka wa Isebania kwa gari, wakaendelea Serengeti. Huyo ana begi laini na kofia. Hakufikiriwa mama mwenye mtoto begani.

Ndiyo maana nasema, kwa safari hii, kigari kibaki nyumbani na leso ichukuliwe. Tena doti nzima. Moja ni mbeleko. Ya pili ni shuka, ni kivuli, ni pazia la kunyonyeshea. Hazifiki hata kilo moja. Mbeleko hupita ngazi nyembamba za ndege, na huko chini hupita njia za kando ambazo mvua ikinyesha ni tope la udongo mweusi, lisilotaka mchezo na vigurudumu. Wanawake wa Kijaluo huko hubeba watoto wao vivyo hivyo mgongoni, na hakuna atakayekucheka. Wakati wa kuruka na kutua utaambiwa umfungue mtoto umpakate, fanya uambiwavyo. Na ndege inapoanza kushuka, mpe ziwa, kwani kumeza humzibulia masikio. Ndege nyingi ndogo hazikuzibwa hewa ndani kama zile kubwa, na kutoka juu ya milima ya Mau hadi ziwani ni mteremko wa haja.

Lakini leso peke yake haitoshi, na hapa nina neno na akina baba. Mara ngapi tumeona bwana ametangulia na simu sikioni, mkewe nyuma ana mtoto mgongoni, begi kwapani na mwingine mkononi? Ukimpa mtoto ambebe hutazama kando kama aliyeshikishwa kikapu cha samaki. Bukhari na Muslim wamepokea kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alisali naye amembeba mjukuu wake Umama binti Zaynab. Akisujudu akimweka chini, akisimama akimbeba. Hiyo ni ndani ya sala. Kutoka chumba cha abiria hadi mlango wa ndege ni hatua ngapi?

Na abiria wengine tusijifanye hatuoni. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, ndiyo, lakini mtu mwenye mikono mitupu akiguna kwa sababu mtoto analia, huyo angeanza kwa kumpokea mama yake begi.

Wapo wasioweza kuachana na kigari, nami siwasahau: mama wa mapacha, mama aliyejifungua kwa kupasuliwa ambaye kidonda hakijapona, na mtoto mlemavu asiyeweza kuketi wala kutembea. Kwa huyu wa mwisho kiti chake cha magurudumu ni miguu yake, na haistahili kupimwa pamoja na nguo na halua. Kampuni za ndege ndogo ziwe na nafasi ya watu hawa, na kila abiria aambiwe habari ya uzito kwa Kiswahili siku anaponunua tikiti. Asubuhi ya safari, mbele ya mizani, mtoto analia na teksi imekwisha ondoka, mama hana tena pa kukipeleka hicho kigari.