Acheni Theluji, Njooni Hombolo

Nimechoka na theluji. Nasema waziwazi, atakayenuna na anune. Kila tukikutana waandishi chipukizi kusomeana hadithi, lazima atokee jamaa na mpenzi wake wanaotembelea bonde la mizabibu Ufaransa, baridi kali, wamekaa mbele ya moto wanaonja divai. Ukimuuliza mwandishi amefika huko lini, anacheka. Ukimuuliza jani la mzabibu likoje, kimya!

Mimi ni mtoto wa Kasokola, huku Mpanda. Kwetu ni miombo, asali na wanzuki. Elimu yangu ni kidato cha nne, basi. Lakini divai nimekwenda kuitazama inakotengenezwa: treni hadi Tabora kupitia Kaliua, kisha Dodoma, kisha Hombolo. Huko hamna baridi ya vitabuni. Ni nchi kame, jua linachoma, na mzabibu unazaa mara mbili kwa mwaka. Ule wa Ulaya hulala majira yote ya baridi, ukazaa mara moja tu. Sasa nani amshangae mwenzake?

Wapo pia wajuaji. Eti divai nyeupe ya maana ni ya bonde la Loire. Haya, Chenin Blanc, zabibu ya huko huko Loire, imepandwa Dodoma! Wengine wanadai divai si mambo yetu. Mapadri Weupe walikabidhiwa ngome ya Karema mwaka 1885, hapa hapa Katavi, na misa haisomwi bila divai. Tumeanza jana?

Kiwandani nilisimama sana kwenye matangi. Zabibu nyekundu huvunjwa, maganda yakaachwa yachachuke pamoja na maji yake, na rangi hutoka humo. Za divai nyeupe hukamuliwa kwanza, maganda yakatengwa. Hamira inakula sukari, povu linapanda, harufu inakupiga puani. Bibi yangu, mpika wanzuki, angeelewa yote bila mkalimani.

Ila hadithi yenyewe iko nje, getini. Zabibu ikishakatwa haingoji mtu. Mavuno yakiwa mengi matangi hujaa, na mkulima anabaki kukaa juu ya kreti zake akihesabu siku. Ada ya mtoto imo humo ndani ya kreti, na imeshaanza kuvuja maji. Hapo unataka theluji ya nini, ndugu yangu?

Serikali inatoza ushuru mdogo kwa divai yenye zaidi ya asilimia 75 ya zabibu za nchini. Yaani hata watu wa kodi wameiona zabibu ya Dodoma, mwandishi bado! Na nyie wa Dar hamna kisingizio. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme inawafikisha Dodoma kwa saa nne hivi. Mimi wa Kasokola nimekesha kwenye behewa.

Mhariri mmoja, jina namhifadhia, alinirudishia mswada wa riwaya yangu. Eti mhusika wangu, binti wa mkulima wa zabibu, hana mvuto, nimhamishie Paris. Simhamishi ng'o. Yupo Hombolo, sura ya tisa, amekaa na baba yake kwenye kreti, na lori la kiwanda bado halijafika.