Dirisha la Viza Lisogezwe Karibu na Wazazi wa Ituri

Barua ya wazi kwa Waziri wa Mambo ya Nje, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Kinshasa

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia nikiwa mmoja wa wazazi wa Ituri wenye watoto Ulaya, wazazi wanaotamani kwenda kuwaona, kukaa nao wiki chache, kisha kurudi nyumbani. Tunakuomba jambo moja: zungumza na balozi za nchi za Ulaya ili maombi yetu ya viza yapokelewe hapa Bunia, au Kampala, bila kila mzee kulazimika kuvuka nchi nzima hadi Kinshasa.

Wengine hutuuliza kwa nini mzee asumbuke, wakati mtoto ndiye mwenye nguvu na kipato cha kuja. Kwa familia nyingi za hapa, kinachomzuia mtoto ni hadhi yake ya ukimbizi. Vita vya 1999 hadi 2003, kisha mauaji yaliyoanza tena Djugu mwishoni mwa 2017, vilifanya watu wetu kwa maelfu wavuke Ziwa Albert kuingia Uganda. Wengi walifikia makazi ya wakimbizi ya Kyangwali, na baadhi yao wakapata makao nchi za mbali. Anayetambuliwa kuwa mkimbizi chini ya Mkataba wa Geneva wa 1951 hupewa hati ya kusafiria ambayo kwa kawaida haimruhusu kuingia nchi aliyoikimbia. Akichukua pasipoti ya Kongo na kurudi kwao, anaweza kuulizwa kama bado anahitaji kulindwa, na hadhi hiyo ikaondolewa. Mtoto wa namna hiyo anawapenda wazazi wake, lakini hawezi kuja. Njia iliyobaki ni mzazi kumfuata.

Wapo wanaokutana na watoto wao Kampala, na tunashukuru kwamba mlango huo upo. Lakini yapo mambo yanayomhitaji mama afike nyumbani kwa mwanawe. Binti yangu alipojifungua mtoto wake wa kwanza, hakuwa na mtu wa kumkanda. Nilikaa nimeshika simu, yeye ameegemeza yake kwenye beseni, nikimwonyesha mkono upite wapi tumboni na maji yawe moto kiasi gani. Mtandao ulikatika. Uliporudi, maji yalikuwa yamepoa, mtoto analia, na yeye pia analia. Mama hapaswi kumkanda binti yake kwa simu, Mheshimiwa.

Sasa tazama safari yenyewe. Kutoka Bunia hadi Kinshasa ni takriban kilomita 1,800 angani, na hakuna barabara ambayo mzee anaweza kuifuata akafika salama. Ni ndege, na nauli hiyo ni fedha za kilimo cha mwaka mzima kwa mtu wa kawaida. Kampala iko takriban kilomita 300 kwa mstari ulionyooka. Hata hivyo, Kanuni ya Viza ya Umoja wa Ulaya, namba 810 ya mwaka 2009, humtaka mwombaji apeleke maombi katika nchi anamoishi kihalali. Akiwa nje ya nchi hiyo, hupokelewa tu akitoa sababu ya kuridhisha. Kwa hiyo mtu wa Bunia huelekezwa Kinshasa, ingawa Uganda iko jirani na nchi yetu imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022.

Akifika, hulipa ada ambayo tangu tarehe 11 Juni 2024 ni euro 90, na hairudishwi hata akikataliwa. Anatakiwa pia kuwa na bima ya safari ya kiasi kisichopungua euro 30,000, pamoja na karatasi za kuonyesha kwamba ana sababu ya kurudi kwao. Hapa ndipo wengi wetu tunapokwama. Nyumba zilichomwa zikiwa na hati za viwanja na vyeti vya kuzaliwa ndani yake. Mama mwenye shamba la muhogo na wajukuu anaowalea hana barua ya mwajiri wala akaunti ya benki, ingawa mizizi yake Ituri ni ya kina kuliko ya mwenye mshahara.

Nilipofika mimi kwenye mashine ya alama za vidole, ilinikataa. Vidole vyangu vimelainishwa na jembe na sabuni ya kufulia, mistari yake haionekani vizuri. Kijana aliyekuwa pale alinifuta kila kidole kwa kitambaa chenye maji, akanibonyeza taratibu, akarudia tena mpaka taa ikawaka kijani. Alinitendea kwa upole na ninamwombea heri. Baadaye jibu lilikuja: karatasi yenye alama kwenye kisanduku kinachosema kuna shaka kama ningeondoka kabla ya viza kuisha. Kila nchi ina haki ya kuuliza hivyo. Ninachoomba ni kwamba mtu wa Ituri apewe njia ya kujibu.

Mheshimiwa Waziri, haya tunayaomba kwa utaratibu.

Kwanza, zikubaliane balozi na wizara yako kutuma Bunia kikosi chenye mashine ya kubebeka, kwa tarehe zinazotangazwa mapema redioni na makanisani. Kanuni yao inaruhusu alama za vidole zilizokwisha kuchukuliwa zitumike tena kwa miezi 59. Maana yake, wiki moja ya kazi hapa inaweza kuwahudumia wazazi kwa karibu miaka mitano, na faili zikaenda Kinshasa bila wao kwenda, ila anapoitwa mtu kwa mahojiano.

Pili, kama hilo litachelewa, pateni maelewano ya maandishi kwamba kuishi Ituri, jimbo lililo chini ya utawala wa kijeshi tangu tarehe 6 Mei 2021, ni sababu ya kutosha ya kupokelewa Kampala.

Tatu, na hili liko mikononi mwako mwenyewe: muhuri wa wizara unaothibitisha vyeti vyetu upatikane Bunia. Na kwa waliounguliwa na nyumba, wekeni ushahidi mbadala unaotambulika, unaosainiwa na chifu wa mtaa au wa kijiji na kukaguliwa na serikali ya jimbo, ueleze shamba la mtu, familia anayoitunza na miaka aliyoishi hapo.

Najua hofu ya nchi zinazotupokea: wapo waliokwenda kutembea wakabaki. Basi wekeni utaratibu wa mzazi kuripoti ofisi ya jimbo akirudi, na jina lake liandikwe. Baada ya safari za kwanza kutakuwa na orodha ya waliorudi, na orodha hiyo itatutetea kuliko maneno yangu.

Wasiseme kwamba Bunia ni mbali mno au ni hatari mno. Mei 2003 watu walipokuwa wakiuawa katika mitaa ya mji huu, Baraza la Usalama lilipitisha azimio 1484 tarehe 30 ya mwezi huo, na Juni wanajeshi wa Umoja wa Ulaya, wengi wao Wafaransa, walikuwa wamekwisha kutua kwenye uwanja wetu wa ndege katika Operesheni Artemis. Walikuja kuokoa maisha, na sisi tuliobaki hai hatujasahau. Kama jeshi zima liliweza kufika ndani ya majuma machache, makarani wachache wenye kompyuta na mashine ya vidole wanaweza kufika pia, wakilindwa na serikali yao na yetu.

Watoto wetu hawakuchagua kuzaa ugenini bila mama zao. Vita viliwafukuza, na dola lililoshindwa kuwalinda wakiwa wadogo lina deni kwao. Anza kulilipa kwa kuandikia balozi hizo mwaka huu, na utujulishe hadharani, hapa Bunia, watakachokujibu.

Wako kwa heshima,
Mama wa Bunia, Ituri